BBM: ujumbe uliofungiwa ndani ya simu moja

Ijumaa ya tarehe 6 Agosti mwaka 2010, siku ya mapumziko nchini Saudi Arabia, wenye simu za BlackBerry mjini Riyadh na Jeddah waliona ujumbe wao umekwama. Saa kadhaa baadaye ukaanza kwenda tena, bila maelezo ya kutosha kutoka kwa yeyote. Walichojua ni kwamba siku chache kabla, Tume ya Mawasiliano na Teknolojia ya Habari ya nchi hiyo ilikuwa imeziamuru kampuni tatu za simu, STC, Mobily na Zain, kuifunga huduma ya BlackBerry Messenger, maarufu kwa jina la BBM, na kwamba kampuni itakayokaidi ingetozwa faini ya hadi riyali milioni 5.

Watumiaji wa BlackBerry nchini humo walikadiriwa wakati huo kuwa 700,000. Katika nchi ambayo sensa ya mwaka huo huo ilihesabu watu milioni 27, hilo si kundi kubwa. Lakini walikuwamo wafanyabiashara, wanafunzi wa vyuo, maofisa wa serikali, na zaidi ya yote vijana wa kike na wa kiume wa mijini. Walichokuwa wakinyang'anywa hakikupatikana katika simu nyingine yoyote, kwani BBM ilifanya kazi ndani ya BlackBerry peke yake. Mwenye Nokia au iPhone hakuwa na pa kuingilia.

Upweke huo wa BBM ndio uliofanya ipendwe. Ndio pia uliofanya iwe rahisi kubanwa, na kampuni iliyoimiliki ilipokuja kuamua kuifungulia simu za makampuni mengine, waliokuwa nje ya mlango walikuwa hawasubiri tena.

Kutoka Waterloo

Kampuni yenyewe, Research In Motion au RIM, ilianzishwa mwaka 1984 katika mji wa Waterloo nchini Canada na Mike Lazaridis pamoja na rafiki yake Douglas Fregin. Jim Balsillie, mtu wa hesabu na mikataba, alijiunga nao mwaka 1992. Kifaa cha kwanza kubeba jina la BlackBerry kilitoka mwaka 1999, na sifa yake kubwa ilikuwa barua pepe: iliingia yenyewe, papo hapo, bila mwenye simu kuifuata. Mawakili, mabenki na serikali za magharibi zilikipenda kwa sababu barua hizo zilisafiri zikiwa zimefumbwa kihesabu, na ufunguo wa kuzifumbua ulibaki kwa taasisi iliyonunua mtambo.

BBM ilikuja mwaka 2005, kama nyongeza tu. Kila simu ya BlackBerry ilikuwa na utambulisho wake wa herufi na tarakimu 8, uliotiwa kiwandani, ulioitwa PIN. Msomaji wa Afrika Mashariki asije akachanganya: hii haikuwa namba ya siri kama ile ya M-Pesa, ambayo mtu huificha hata kwa mkewe. PIN ya BlackBerry ilikuwa ya kugawa. Aliyekupa PIN yake alikuruhusu kumwandikia bila kikomo, mahali popote duniani, bila kulipia kila ujumbe, mradi wote wawili mmelipia huduma ya mwezi ya BlackBerry. Ujumbe ukifika ulitiwa alama ya D; ukisomwa, alama ikawa R. Ni jambo dogo, lakini kabla ya hapo mtu aliyetuma ujumbe mfupi wa maandishi alibaki kukisia.

Mafumbo ya BBM, hata hivyo, hayakuwa mazito kama ya barua pepe za makampuni. Ujumbe wa watu wa kawaida ulifumbwa kwa ufunguo mmoja wa pamoja, ulioshirikiwa na simu zote za BlackBerry. Watumiaji wengi hawakulijua hilo. Wao waliamini kwamba hakuna aliyeweza kusoma waliyoandikiana.

Tahlia mbili

Riyadh ina barabara ambayo watu huiita Tahlia. Jeddah nayo inayo yake, kwa jina hilo hilo, lenye asili katika kazi ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Zote mbili ni barabara za maduka ya fahari na mikahawa, mahali pa vijana kupita jioni kwa magari wakitazama na kutazamwa. Katika miaka ile ya 2000, kutazamana ndiko kulikokuwa mwisho wa safari. Wanaume na wanawake wasio na undugu hawakuruhusiwa kuketi pamoja mkahawani. Sehemu ya wanaume peke yao ilikuwa na mlango wake, na sehemu ya familia mlango wake. Maafisa wa Halmashauri ya Kuamrisha Mema na Kukataza Maovu walipita wakikagua, na walikuwa na mamlaka ya kukamata hadi walipoondolewa mamlaka hayo mwezi Aprili mwaka 2016.

Kabla ya BlackBerry, vijana wa kiume walikuwa na desturi ya kurusha karatasi zenye namba za simu, au kuzibandika kwenye kioo cha gari, kwa matumaini kwamba msichana mmoja kati ya mia angepiga. Desturi hiyo ilikuwa na jina lake kwa Kiarabu, tarqim, na ilikuwa na hatari zake kwa msichana. Namba ya simu ilimfunga. Aliyempa kijana namba yake alikuwa amempa pia njia ya kumpigia usiku, ya kumtisha, na ya kumfikia baba au kaka anayeweza kuipokea simu hiyo.

PIN haikuonyesha namba ya simu. Msichana aliyechoka au kuogopa alilifuta jina la mtu katika orodha yake na mambo yakaishia hapo. Hilo ni tofauti kubwa, na ndilo linaloeleza kwa nini simu iliyotengenezwa kwa ajili ya mawakili wa New York iligeuka kuwa simu ya wanafunzi wa kike wa Riyadh. Wakosoaji wa wakati ule waliokuwa wakisema vijana wa Ghuba wanafuata fahari tu hawakuliona hilo. Fahari ilikuwepo, naam; lakini kwa msichana BBM ilikuwa ngao kwanza.

Ngao hiyo ilikuwa na bei. Kati ya wakazi milioni 27, zaidi ya milioni 8 walikuwa wageni, na wengi wao walikuwa madereva, wajenzi, watumishi wa nyumbani na wauza maduka kutoka Asia na Afrika, wakiwemo watu wa Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki. Hao walitumia simu za bei nafuu, na mawasiliano yao na nyumbani yalikuwa ya kadi za kukwangua. Hata katika nyumba moja, binti wa mwenye nyumba na mtumishi anayempikia waliishi katika dunia mbili za mawasiliano. Haikuwa sheria ya nchi iliyowatenga katika jambo hili. Ulikuwa uamuzi wa kibiashara uliofanywa Waterloo: asiye na kifaa chetu hana huduma yetu.

Mafuriko

Tarehe 25 Novemba mwaka 2009, siku mahujaji walipokuwa wakielekea Mina, mvua kubwa ilinyesha Jeddah. Mji huo wa mamilioni ya watu haukuwa na mifereji ya kutosha ya kupitisha maji ya mvua, licha ya miradi iliyokuwa imetengewa fedha kwa miaka mingi. Zaidi ya watu 100 walikufa, wengi katika mitaa ya kusini na mashariki kama Quwaiza, iliyojengwa katika njia za maji. Picha za magari yaliyorundikana na za miili zilienea kwanza kupitia simu na mitandao, na hasira ya wakazi ikaandikwa waziwazi kwa namna isiyozoeleka. Siku chache baadaye Mfalme Abdullah aliunda tume ya uchunguzi chini ya gavana wa jimbo la Makka, Mwanamfalme Khalid al-Faisal.

Mafuriko yalirudi tarehe 26 Januari mwaka 2011, na takriban watu 10 wakafa. Safari hii BlackBerry zilitumika kwa mambo mawili. Vijana wa kujitolea walielekezana wapi kuna familia iliyokwama juu ya paa na wapi kunahitajika blanketi. Kisha ukasambazwa ujumbe wa kuwaita watu wakusanyike baada ya sala ya Ijumaa kulalamikia hali ya mji. Waliojitokeza walikuwa wachache, na polisi waliwakamata makumi yao. Ilikuwa ni wiki ile ile Cairo ilipokuwa ikiwaka moto, na serikali zote za eneo hilo zilikuwa zikizitazama simu za raia wao kwa jicho jingine.

Kwa hiyo mdhibiti wa mawasiliano aliposema mwaka 2010 kwamba anachotaka ni usalama, hakuwa akizungumzia magaidi peke yao, na kila mtu alilielewa hilo.

Mazungumzo ya Agosti

Saudi Arabia haikuwa ya kwanza. Mwezi Julai mwaka 2009, kampuni ya simu ya Etisalat ya Falme za Kiarabu iliwatumia wateja wake wa BlackBerry programu iliyodaiwa kuboresha simu. Betri zikaanza kuisha kwa kasi, wataalamu wakaichungulia, na RIM ikalazimika kutangaza hadharani kwamba programu hiyo haikuwa yake na kwamba ingeweza kupenya taarifa za mwenye simu. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Agosti 2010, Falme za Kiarabu zilitangaza kwamba zingezifunga huduma za BlackBerry kuanzia tarehe 11 Oktoba. Saudi Arabia ilifuata siku chache baadaye, na tarehe yake ilikuwa ya karibu zaidi. India nayo ilitoa muda wa mwisho.

Malalamiko yao yalifanana. Ujumbe wa BBM haukutoka simu hadi simu moja kwa moja. Ulipitia mitambo ya RIM yenyewe, iliyokuwa Canada na Uingereza. Kijana wa mtaa wa Olaya aliyemwandikia binamu yake wa Malaz, mitaa miwili ya mji mmoja wa Riyadh, alikuwa akimwandikia kwa kupitia nchi ya kigeni. Tangu intaneti ilipofunguliwa kwa umma nchini Saudi Arabia mwaka 1999, mawasiliano yote yalikuwa yamepitishwa katika kichujio kimoja mjini Riyadh. Sasa kulikuwa na mfereji ambao kichujio hakikuufikia.

RIM ilisema haina ufunguo wa kufungulia barua za makampuni na kwamba haitoi upendeleo kwa nchi yoyote. Kuhusu barua pepe za makampuni, kauli hiyo ilikuwa na msingi. Kuhusu BBM, kampuni haikupenda kufafanua sana. Baada ya huduma kukatika na kurudi ile Ijumaa, mdhibiti aliongeza muda ili suluhisho lijaribiwe. Ofisa mmoja wa Saudia aliliambia shirika la habari la AP kwamba kiini cha mapatano ni kuwekwa kwa seva ya BlackBerry ndani ya nchi. Tarehe 10 Agosti tume ilitangaza kwamba huduma itaendelea, kwa kuwa kumekuwa na maendeleo mazuri katika kutimiza masharti. Kesho yake ilikuwa siku ya kwanza ya Ramadhani, na salamu za mwezi mtukufu zilipita kwa BBM kama kawaida. Falme za Kiarabu nazo ziliondoa tishio lao tarehe 8 Oktoba.

Maelezo kamili ya makubaliano hayakuchapishwa. Lakini jinsi yalivyopatikana ni funzo la siasa. Serikali haikuhitaji kuwafuata watu 700,000. Ilihitaji kuzungumza na kampuni moja, yenye mitambo ya aina moja, inayouza kifaa cha aina moja, ambayo ingepoteza soko zima endapo ingekataa. Upekee ambao RIM iliutumia kuuza simu ulikuwa umeiweka shingo yake mahali pamoja.

Siku tatu za Oktoba

Jumatatu tarehe 10 Oktoba mwaka 2011, kifaa muhimu katika kituo cha RIM huko Slough, Uingereza, kiliharibika, na mtambo wa akiba haukushika kazi kama ulivyokuwa umejaribiwa. Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika zikanyamaza kwa pamoja. Kabla juma halijaisha, hitilafu ilikuwa imefika Amerika pia. Jeddah, Lagos na Nairobi ziligundua siku hiyo kwamba zilikuwa zikining'inia kwenye uzi mmoja. Na katikati ya tukio hilo, tarehe 12 Oktoba, kampuni ya Apple ilitoa programu mpya ya iPhone iliyobeba huduma yake yenyewe ya ujumbe, iMessage.

Lakini mpinzani mkubwa hakuwa Apple. Alikuwa WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton, watu wawili waliokuwa wametoka Yahoo. Wao hawakuwa na simu ya kuuza. Kwa sababu hiyo hawakuwa na haja ya kumfungia mtu nje, na kufikia mwaka 2011 programu yao ilifanya kazi katika iPhone, Android, Nokia, na katika BlackBerry yenyewe. Badala ya PIN ilitumia namba ya simu. Kwa msichana wa Riyadh hiyo ilikuwa hatua ya kurudi nyuma, kwa maana ile ngao ilikuwa imeondoka. Kwa dereva wa Jeddah mwenye Nokia ilikuwa mara ya kwanza kuketi katika baraza moja na wengine.

Mlango wafunguliwa

Ndani ya RIM, kuna aliyeiona hatari mapema. Balsillie alipendekeza BBM itolewe nje ya BlackBerry: kampuni za simu zipewe haki ya kuiuza kwa wateja wao wote, wa simu ya aina yoyote, kama mrithi wa ujumbe mfupi wa maandishi. Gazeti la Globe and Mail la Canada lilikuja kuandika habari za mpango huo mwaka 2013. Waliopinga walihoji: ukimpa mwenye Samsung kile kinachomfanya mtu anunue BlackBerry, nani atanunua BlackBerry? Januari mwaka 2012 Lazaridis na Balsillie waliachia uongozi, na Thorsten Heins akashika nafasi yao. Mpango ulisimamishwa, na Balsillie akajitoa kabisa katika bodi. Swali la wapinzani lilikuwa la haki kwa mwaka 2008. Mwaka 2012 watu walikuwa wameshaacha kununua.

Mwezi Mei mwaka 2013, huko Orlando, Heins alitangaza kwamba BBM ingekuja katika iPhone na Android. Kazi haikuwa nyepesi. Programu nzima ilikuwa imejengwa juu ya PIN ya kiwandani na juu ya mitambo iliyoitambua kila BlackBerry kwa jina. Simu ya Samsung haikuwa na vyote viwili. Ilibidi PIN itengenezwe na kufungwa na anwani ya barua pepe ya mtumiaji. Uzinduzi ulipangwa tarehe 21 Septemba, lakini toleo la Android ambalo halijakamilika lilivuja, na ndani ya saa chache watu milioni 1.1 walikuwa wakilitumia na kuielemea mitambo. Kampuni ilirudisha kila kitu nyuma. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 21 Oktoba, BBM ilitoka rasmi, watu wakawekwa kwenye foleni ya kusubiri zamu yao, na ilipakuliwa mara milioni 10 katika saa 24 za mwanzo.

Milioni 10 kwa siku moja si ishara ya kitu kilichosahauliwa. Wengi walikuwa wakirudi kuwatafuta watu wa zamani. Tatizo ni kwamba waliwakuta WhatsApp. Wiki mbili baadaye Heins aliondolewa, na mwezi Februari mwaka 2014 Facebook ilitangaza kuinunua WhatsApp kwa dola za Kimarekani bilioni 19.

Nchini Saudi Arabia mdhibiti alikuwa amehamia kwa wapya. Mwezi Machi mwaka 2013 alizionya Skype, Viber na WhatsApp kwamba hazitimizi masharti ya nchi, na mwezi Juni akaifunga Viber. Safari hii hapakuwa na kampuni ya kifaa ya kuita mezani. Viber ilikuwa katika simu za kila aina, na waliofungiwa walipakua programu nyingine katika simu zile zile walizokuwa nazo mkononi. Mwezi Aprili mwaka 2016 WhatsApp ilikamilisha kufumba ujumbe wa watumiaji wake wote, safari hii kwa ufunguo unaobaki katika simu za wanaozungumza. Mwezi Septemba mwaka 2017 serikali ilitangaza kuondoa marufuku kwa huduma za kupiga simu kupitia intaneti zinazotimiza masharti yake.

Wakati huo hata waliokuwa wakiziuza BlackBerry na kuzitengeneza walikuwa wameondoka. Masoko ya simu kama Mursalat mjini Riyadh yalikuwa kwa miaka mingi kazi ya mafundi wa kigeni. Kwa amri ya wizara ya kazi ya mwaka 2016, kuuza na kutengeneza simu kulifanywa kuwa kazi ya raia wa Saudia peke yao, na muda wa mwisho ulikuwa mwezi Septemba mwaka huo.

Mvutano wenyewe haujaisha duniani. Barua za ndani za Apple zilizofichuliwa mahakamani mwaka 2021 zilionyesha kwamba mwaka huo huo wa 2013 wakubwa wake walijadili kuipeleka iMessage katika Android, na Craig Federighi akapinga, kwa hoja iliyofanana sana na ya wapinzani wa Balsillie. Kampuni ndogo ya Beeper ilipojaribu kuifikisha huko kwa nguvu mwezi Desemba mwaka 2023, Apple iliziba njia ndani ya siku chache. Mwezi Machi uliofuata Wizara ya Sheria ya Marekani iliishitaki Apple, na kuifungia iMessage ndani ya iPhone ni moja ya malalamiko yaliyomo.

BBM ya watu wa kawaida ilikabidhiwa kwa kampuni ya Emtek ya Indonesia mwaka 2016 na ikafungwa tarehe 31 Mei mwaka 2019. Simu zenyewe, zile za herufi ndogo za kubonyeza zilizouzwa katika Tahlia zote mbili, ziliendelea kuwaka hadi tarehe 4 Januari mwaka 2022. Siku hiyo kampuni ilizima mitambo iliyozihudumia, ikawatahadharisha waliobaki nazo kwamba hazihakikishiwi tena kupokea data, kutuma ujumbe mfupi wala kupiga namba ya dharura.